John von Neumann: mtu aliyeipa kompyuta kumbukumbu, na karatasi iliyobeba jina lake peke yake

Kila asubuhi, kutoka Bunia hadi Lubumbashi, watu wanabonyeza kitufe cha telefone na kungoja. Kioo kinabaki cheusi kwa muda, alama ya kampuni inaonekana, kisha telefone inaamka. Katika sekunde hizo chache, kabla ya picha ya kwanza kutokea, mashini inafanya kazi moja ambayo lazima itangulie karibu kila kazi nyingine: inahesabu kumbukumbu iliyo nayo na kuigawa. Sehemu hii ni ya maagizo, sehemu ile ni ya habari, na sehemu nyingine isiguswe.

Chanzo cha kazi hiyo ni wazo lililoandikwa mwaka wa 1945 na mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, John von Neumann. Ndiye aliyeeleza kwenye karatasi, kwa namna ambayo wahandisi wa nchi nyingi waliielewa na kuifuata, kompyuta inayoweka maagizo na namba katika kumbukumbu moja. Alikufa tarehe 8 Februari 1957 akiwa na miaka 53. Hadi leo wanafunzi wa kompyuta wanafundishwa muundo wa mashini hiyo kwa jina lake. Wengine waliofikiri pamoja naye hawakupewa nafasi hiyo, na ugomvi wa nani alistahili kutajwa ulifika hadi kwa wanasheria.

Maisha yake yanagusa pia ardhi ya Kongo, kwa njia ya mgodi wa Shinkolobwe.

Mtoto wa Budapest

Alizaliwa tarehe 28 Desemba 1903 mjini Budapest, wakati huo ukiwa katika ufalme wa Austria na Hungaria. Wazazi wake, Miksa Neumann na Margit Kann, walikuwa Wayahudi wenye uwezo. Baba alikuwa mtu wa benki. Mwaka wa 1913 mfalme alimpa Miksa cheo cha heshima, na ndipo familia ilipata haki ya kuongeza neno ambalo kwa Kijerumani likawa von. Nyumbani kijana aliitwa János, na kwa kumbembeleza Jancsi. Amerika ilimgeuza kuwa Johnny.

Tangu utoto wake watu walistaajabia kichwa chake. Inasimuliwa kwamba wageni walipofika nyumbani, mtoto alitazama ukurasa wa kitabu cha namba za simu mara chache, kisha akataja majina na namba bila kukosea. Alipokuwa mtu mzima, wenzake walimjua kama mtu anayeweza kurudia kurasa za kitabu alichosoma miaka mingi nyuma, neno kwa neno. Alisoma historia kwa wingi, na alipenda kuongelea falme za kale kama mtu anayeongelea habari za jirani.

Kwenye shule ya Kilutheri ya Budapest, mwalimu wa hesabu László Rátz aliona mara moja kwamba mtoto huyu anahitaji zaidi ya masomo ya darasa, na akafanya mpango afundishwe na walimu wa chuo kikuu. Katika shule hiyohiyo, darasa moja mbele yake, alikuwa Eugene Wigner, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel ya fizikia.

Baba yake aliogopa kwamba hesabu hazitamlisha. Wakapatana: kijana asome kemia, kazi yenye mshahara, na hesabu aziendeleze pembeni. Akaandikishwa kwa kemia Berlin, kisha Zurich, huku akiwa ameandikishwa pia kwa hesabu Budapest, mahali alipofika hasa wakati wa mitihani. Mwaka wa 1926 alikuwa na diploma ya uhandisi wa kemia kutoka Zurich na udaktari wa hesabu kutoka Budapest. Alikuwa na miaka 22.

Kutoka Ulaya hadi Princeton

Aliendelea Göttingen, Ujerumani, mji uliokuwa makao makuu ya hesabu duniani, karibu na David Hilbert. Fizikia mpya ya chembe ndogo ilikuwa inazaliwa, na von Neumann aliijengea msingi wa hesabu. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka wa 1932.

Lakini Ulaya ilikuwa inafunga milango yake kwa Wayahudi. Mwaka wa 1930 alipata nafasi ya kufundisha Princeton, Marekani, na mwaka huohuo alimuoa Mariette Kövesi. Mwaka wa 1933, mwaka Hitler alipochukua utawala, taasisi mpya ya utafiti ya Princeton ilimfanya mmoja wa maprofesa wake wa kwanza, pamoja na Albert Einstein. Binti yake wa pekee, Marina, alizaliwa mwaka wa 1935. Ndoa ilivunjika mwaka wa 1937, mwaka ambao pia alipata uraia wa Marekani. Mwaka uliofuata alirudi Budapest kumuoa Klára Dán.

Princeton walimkumbuka kama mtu wa karamu, mwenye suti nzuri kila siku, anayependa vichekesho, chakula na magari. Kwenye usukani alikuwa hatari, na ajali zake zilijulikana na kila mtu. Alifanya kazi vizuri penye kelele, na muziki wake wa sauti ya juu uliwasumbua majirani wa ofisi.

Shinkolobwe na mahesabu ya bomu

Vita vya pili vya dunia vilimgeuza kuwa mtu wa jeshi bila kuvaa nguo za jeshi. Tangu mwaka wa 1943 alikwenda mara kwa mara Los Alamos, jangwani New Mexico, ambako Marekani ilikuwa inatengeneza bomu la atomi kwa siri.

Sehemu kubwa ya uraniamu ya mradi huo ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi ya leo, katika Katanga, wakati Kongo ilikuwa chini ya Ubelgiji. Edgar Sengier, mkubwa wa kampuni ya Union Minière, alikuwa amekwisha kupeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York mwaka wa 1940, kabla ya Marekani kuingia vitani. Madini ya Shinkolobwe yalikuwa na uraniamu nyingi kuliko ya migodi mingine iliyojulikana wakati huo. Wanasayansi wa Los Alamos wana vitabu vinavyowataja mmoja mmoja. Wakongo waliotoa mawe hayo ardhini, wengi hawajulikani majina.

Kazi ya von Neumann ilikuwa kwenye bomu la plutoniamu, lile lililoanguka Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945, siku tatu baada ya bomu la uraniamu kuanguka Hiroshima. Plutoniamu yenyewe inatengenezwa kutokana na uraniamu. Ili ilipuke, ilibidi ibanwe kutoka pande zote kwa wakati mmoja, na von Neumann alikuwa kati ya watu waliotafuta namna ya kupanga baruti zinazoizunguka ili mawimbi yafike pamoja. Alikuwa pia katika kamati iliyochagua miji ya kupigwa. Baada ya vita aliendelea kusaidia kutengeneza bomu la haidrojeni, na alikuwa kati ya wale waliofikiri kwamba Marekani ipige Umoja wa Kisovieti kabla haujapata nguvu. Rafiki zake wenyewe hawakukubaliana wote naye.

Mahesabu ya kubana plutoniamu hayakuweza kumalizwa kwa kalamu. Los Alamos walitumia vyumba vya watu wenye mashini ndogo za kuhesabu na kadi zenye matundu, na bado kazi ilikwenda polepole. Ndiyo sababu, katika kiangazi cha mwaka wa 1944, mazungumzo ya bahati kwenye kituo cha treni yalibadili njia yake.

Mashini yenye nguvu, lakini bila kumbukumbu

Kituo kilikuwa cha Aberdeen, katika jimbo la Maryland. Afisa kijana wa jeshi, Herman Goldstine, ambaye naye alikuwa mwanahisabati, alimtambua von Neumann na kumsogelea. Mazungumzo yalikuwa ya kawaida mpaka Goldstine alipotaja kwamba huko Philadelphia, kwenye chuo kikuu cha Pennsylvania, wanajenga mashini ya elektroniki itakayofanya mamia ya mazidisho kwa sekunde moja. Von Neumann akaanza kuuliza maswali kama mtu anayemtahini mwanafunzi. Muda mfupi baadaye alikuwa Philadelphia.

Mashini hiyo, ENIAC, ilibuniwa na John Mauchly na J. Presper Eckert. Ilikuwa na balbu za elektroniki karibu 18,000 na uzito wa karibu tani 30. Ilikuwa na mwendo wa ajabu, lakini kumbukumbu yake ya kazi ilishika namba 20 tu, kila moja yenye tarakimu 10. Maagizo hayakukaa ndani ya kumbukumbu hiyo hata kidogo. Ili kuipa kazi mpya, watu walichomoa na kuchomeka nyaya na kugeuza swichi, na kazi hiyo iliweza kuchukua siku kadhaa. Kundi la kwanza la watu waliojifunza kuipanga hivyo lilikuwa la wanawake sita: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman. Wakati mashini ilipoonyeshwa kwa waandishi wa habari Februari 1946, wanawake hao hawakutambulishwa kama watu walioifanya ijue kazi.

Eckert na Mauchly walijua kasoro ya ENIAC kabla haijamalizika. Walikuwa wanafikiria mashini ya pili, EDVAC, yenye kumbukumbu kubwa iliyotengenezwa kwa mirija ya zebaki, ambamo sauti inazunguka na kubeba namba. Von Neumann alikaa nao katika mikutano, akasikiliza, akauliza, akaongeza yake.

Karatasi yenye jina moja

Kutokana na mikutano hiyo aliandika kwa mkono maelezo marefu, mengine akiwa safarini kwa treni kwenda Los Alamos. Goldstine aliyapigisha chapa, na tarehe 30 Juni 1945 yakatoka kama ripoti ya kwanza juu ya EDVAC, kurasa 101. Juu yake palikuwa na jina moja tu: John von Neumann.

Ripoti haikuzungumzia balbu na nyaya sana. Ilizungumzia viungo, karibu kama mtu anayeeleza mwili. Mashini inahitaji sehemu ya kuhesabu, sehemu ya kuongoza, kumbukumbu, mlango wa kuingiza na mlango wa kutoa. Maagizo yataandikwa kwa tarakimu kama namba nyingine na kukaa ndani ya kumbukumbu ileile. Kubadili kazi hakutahitaji tena kuchomoa waya, kutahitaji tu kuandika maagizo mengine mahali palepale.

Wazo hilo lilikuwa na mizizi zaidi ya mmoja. Mwingereza Alan Turing alikuwa ameandika mwaka wa 1936 juu ya mashini ya kufikirika inayoweza kufuata maagizo yoyote iliyopewa, na von Neumann alimfahamu Turing alipokuwa Princeton. Eckert na Mauchly nao walikuwa wamezungumza juu ya kuweka maagizo kwenye kumbukumbu kabla von Neumann hajafika. Lakini Goldstine alisambaza ripoti hiyo Marekani na Uingereza, na waliosoma waliona jina lililokuwa juu yake.

Eckert na Mauchly walikasirika, na sababu haikuwa heshima peke yake. Waliacha chuo mwaka wa 1946 kwa sababu ya ugomvi juu ya haki za uvumbuzi, wakaanzisha kampuni yao. Walipotaka kulinda kisheria mawazo ya EDVAC, wanasheria waliona mwaka wa 1947 kwamba ripoti ilikuwa imekwisha kusambazwa, kwa hiyo mawazo hayo yalikuwa tayari mikononi mwa watu wote. Mtu mmoja hakuweza tena kuyafanya mali yake. Waliokuja baadaye walipata faida: kila chuo na kila kampuni iliweza kujenga mashini ya namna hiyo bila kulipa. Wawili hao walilipia faida hiyo kwa jina lao na kwa mfuko wao.

Nani anaingia kwanza ndani ya nyumba tupu?

Kumbukumbu moja kwa vitu vyote ilileta tatizo ambalo ENIAC haikuwa nalo. Mashini ikiwashwa, kumbukumbu haina kitu cha maana ndani yake. Maagizo yataingiaje, wakati kazi ya kuingiza inahitaji maagizo? Na yakiingia, yakae wapi ili namba zisiyafute?

Jibu la kwanza maarufu lilitoka Cambridge, Uingereza. Maurice Wilkes alisoma ripoti ya von Neumann mwaka wa 1946, akajenga mashini iitwayo EDSAC, iliyoanza kazi tarehe 6 Mei 1949. Mwanafunzi wake David Wheeler aliandika maagizo 31 ya mwanzo. Maagizo hayo yaliwekwa kwa kudumu kwenye swichi za aina iliyotumika katika vituo vya simu. Kitufe cha kuanzisha kikibonyezwa, yalinakiliwa ndani ya kumbukumbu kuanzia anwani 0 hadi 30, kisha yakasoma utepe wa karatasi wenye matundu na kupanga programu ya mtumiaji kuanzia anwani 31. Programu ikiisha kuingia, nafasi ya yale 31 iliweza kutumiwa tena kwa kazi nyingine.

Huko Princeton, von Neumann na Goldstine walikuwa wanaliangalia tatizo hilohilo kwa upana zaidi. Katika maandishi yao ya mwaka wa 1947 na 1948 juu ya namna ya kupanga kazi za kompyuta, walieleza programu ndogo zinazoweza kutumika tena na tena katika kazi tofauti. Lakini programu ndogo iliyoandikwa ikae kwenye anwani fulani haiwezi kukaa mahali pengine bila anwani zake zote kurekebishwa. Wakapendekeza programu ya matayarisho, inayotangulia nyingine: inapita ndani ya kumbukumbu, inarekebisha anwani, na kila kitu kinakaa mahali pake kabla ya kazi yenyewe kuanza.

Hilo liliwezekana kwa sababu maagizo yalikuwa namba kama namba nyingine. Programu iliweza kuisogeza programu nyingine kama mtu anayesogeza viti. Ubaya wake ulijulikana baadaye: mwizi wa leo anayeficha maagizo ndani ya ujumbe au picha, ili telefone iyatekeleze ikidhani ni habari ya kawaida, anapita kwenye mlango huohuo.

Mashini ya Princeton

Von Neumann alitaka mashini yake mwenyewe, na taasisi ikakubali, ingawa baadhi ya maprofesa hawakupenda kuona wahandisi wenye mikono ya mafuta kati yao. Julian Bigelow aliongoza ujenzi. Taabu kubwa ilikuwa kumbukumbu. Chombo walichokingoja kutoka kampuni ya RCA kilichelewa, na mwishoe walitumia uvumbuzi wa Waingereza wa Manchester, Freddie Williams na Tom Kilburn, waliohifadhi namba kama nukta za umeme kwenye mirija inayofanana na ile ya televisheni za zamani. Mirija 40 ilitosha kushika maneno 1,024, kila neno likiwa na biti 40.

Jumla yake ilikuwa sawa na kilobaiti 5 tu. Telefone ya kawaida yenye gigabaiti 4 ina kumbukumbu zaidi ya mara laki 8 ya hiyo. Ndani ya nafasi hiyo ndogo kila anwani ilikuwa na bei. Mwaka wa 1946 von Neumann, Goldstine na Arthur Burks walikuwa wameandika kwamba kumbukumbu kubwa na yenye mwendo kwa wakati mmoja haipatikani, kwa hiyo ni lazima kuwa na ngazi: ndogo ya haraka karibu, kubwa ya polepole nyuma yake. Telefone za leo zinafuata ngazi hizo bado.

Mashini ilianza kazi rasmi mwaka wa 1952. Michoro yake haikufichwa. Ndugu zake walijengwa Los Alamos, Illinois, Stockholm, Sydney na katika Israeli, na kompyuta IBM 701 ilifuata mawazo yaleyale.

Mke wake Klára alijifunza kuandika programu akawa kati ya watu wa kwanza wa kazi hiyo. Mwaka wa 1948 alifanya kazi na kundi lililoigeuza ENIAC ifuate maagizo yaliyohifadhiwa ndani, bila kuchomeka nyaya kila mara, na akaandika mahesabu ya siri ya Los Alamos. Mwaka wa 1950, ENIAC hiyohiyo ilitumiwa na Jule Charney na wenzake, kwa msaada wa von Neumann, kutabiri hali ya hewa kwa hesabu. Utabiri wa saa 24 ulichukua karibu saa 24 kuhesabiwa, kwa hiyo mvua na utabiri vilifika karibu pamoja. Hata hivyo njia ilikuwa imefunguliwa.

Ofisi ya viwanja ndani ya telefone

Kazi ile ya kugawa kumbukumbu tangu mwanzo haikwisha mashini zilipokua. Ilizidi kuwa ngumu. Telefone za Android zinaendeshwa na kiini cha programu kiitwacho Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991. Kiini hicho kikisha kuwaka kabisa, kina mgawaji mkuu wa kumbukumbu, mwenye daftari la kila kipande. Programu ya picha ikiomba nafasi, mgawaji anatoa. Ikifungwa, anachukua.

Lakini daftari lenyewe linahitaji nafasi ndani ya kumbukumbu. Ni kama mtaa mpya ambao ofisi ya kadastre haijajengwa bado. Hakuna anayeandika hati za viwanja, na ofisi yenyewe itahitaji kiwanja. Ni lazima mtu aje kwanza na karatasi moja, aandike mistari michache: hapa pana watu tayari, hapa barabara itapita, hapa tutajenga ofisi, pengine pote ni wazi.

Ndani ya Linux, mtu huyo wa karatasi ni mgawaji wa mapema. Ana orodha mbili fupi. Ya kwanza inaonyesha kumbukumbu yote iliyopo, kadiri mashini ilivyoarifu. Ya pili inaonyesha sehemu ambazo tayari zina mwenyewe: mahali kiini chenyewe kimekaa, mahali faili za kuanzia zimewekwa, mahali vyombo vya mashini vimejiwekea. Akiombwa nafasi, anatafuta palipo katika orodha ya kwanza lakini hapamo katika ya pili, kisha anapaandika kuwa pamechukuliwa. Anafanya hivyo tu, na inatosha.

Nafasi kubwa kati ya anazotoa ni ya daftari la mgawaji mkuu. Kumbukumbu inakatwa vipande, kwa kawaida vya baiti 4,096 kila kimoja, na kila kipande kinapewa kitambulisho cha baiti 64. Telefone ya gigabaiti 4 ina vipande zaidi ya milioni 1, na vitambulisho vyao vinakula megabaiti 64 kabla mtu hajafungua hata ujumbe mmoja. Daftari likiwa tayari, mgawaji wa mapema anakabidhi vipande vilivyobaki wazi na kuondoka. Maagizo yaliyotumika kwa kuamka tu nayo yanafutwa, nafasi yake irudishwe kwa wengine, kama yale 31 ya Wheeler.

Akikosea hata mstari mmoja, akaacha sehemu ya kiini ionekane kuwa wazi, programu nyingine itajengwa juu yake. Telefone itazima, au itawaka na kuzima bila mwisho, na mwenye telefone hatajua sababu.

Kumbukumbu inamwacha

Mwaka wa 1955 von Neumann aliapishwa kuwa mmoja wa wakuu wa tume ya nishati ya atomi ya Marekani, na akahamia Washington. Mwaka huohuo madaktari waligundua kansa iliyokuwa imefika kwenye mifupa. Februari 1956 alipelekwa kwa kiti cha magurudumu kupokea nishani kutoka kwa rais Eisenhower. Miezi michache baadaye aliingia hospitali ya jeshi ya Walter Reed, na hakutoka tena. Wanajeshi walilinda chumba chake, kwa kuogopa kwamba katika maumivu au usingizi angetaja siri za nchi.

Yeye mwenyewe aliogopa jambo lingine. Kichwa kilichoshika vitabu vizima kilikuwa kinaachia. Alimwomba binti yake Marina amjaribu kwa hesabu ndogo, kama 7 kuongeza 4, ili ajue kama bado anaweza. Marina, aliyekuwa na miaka 21, alifanya alivyoombwa mpaka akashindwa kuvumilia. Mtu ambaye kwa maisha yake yote hakujali sana dini alimwita padri wa Katoliki, na rafiki zake walishangaa kuona kwamba hata hivyo hofu ya kifo haikumwacha.

Alikuwa ameanza kuandika mihadhara kwa chuo cha Yale, akilinganisha kompyuta na ubongo wa mwanadamu: namna zinavyohifadhi, mwendo wao, makosa yao. Hakuweza kuitoa wala kuimaliza. Klára aliandika utangulizi, na ikatoka kama kitabu mwaka wa 1958. Klára naye alikufa mwaka wa 1963.

Mwaka wa 1973 mahakama ya Marekani ilifuta hati ya uvumbuzi ya ENIAC, pigo jingine kwa wavumbuzi wake. Mauchly alikufa mwaka wa 1980 na Eckert mwaka wa 1995, wote wawili wakishikilia kwamba wazo la kumbukumbu moja lilikuwa lao kabla ripoti haijaandikwa. Wanahistoria wengi leo wanakubali kwamba lilikuwa la kundi zima. Shuleni bado linafundishwa kwa jina la von Neumann.